Hesabu ya ndoa iliyomsahau mjane

Swali limegeuka barazani. Zamani kijana akipita mbele ya wazee aliulizwa, "We, unaoa lini?" naye akicheka kwa haya na kupita zake. Siku hizi husimama akajibu swali kwa swali: "Nioe nipate nini?" Nimelisikia Mwanakwerekwe, nimelisikia Chake Chake, na usiku nikifungua simu nalikuta limeshakuwa sauti ya dakika tatu inayorushwa kutoka kundi hadi kundi. Majibu nayo hurushwa vivyo hivyo. Kuna shekhe anayesema ujana umeharibika, kuna mama anayelalamika kuwa mabinti wanachakaa ndani kwa kungoja, na hakosi msomi mmoja wa kuleta habari kwamba utafiti umethibitisha wenye ndoa huishi zaidi kuliko waseja. Hilo la utafiti ndilo hufunga mjadala, maana nani atabishana na utafiti?

Mimi nitabishana nao kidogo, ingawa siamini kuwa ndoa haina faida. Ninayo, naishi ndani yake, na faida zake nazila kila siku. Ninachoona ni kwamba wanaohimiza ndoa na wanaoikwepa wamekosea mahali pamoja: wote wanaipima ndoa kwa useja, kana kwamba mtu mzima wa Unguja na Pemba ana vyumba viwili tu vya kukaa, hiki cha waliooa na kile cha wasiooa. Kipo cha tatu, nacho hakina nafasi ya kupitisha mguu. Ni cha walioachika. Huwezi kusema chombo kina faida mpaka ujue kikizama hasara anaibeba nani, na kwetu anayeibeba anajulikana kwa jina na mtaa. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: anayetaka vijana, khasa wa kike, waiamini tena ndoa, asipoteze pumzi kuwasukuma waingie. Ashughulike na kinachowakuta wanaotoka.

Tuanze na huo utafiti, kwa sababu una historia ambayo wanaousambaza hawaisemi. Mmoja wa watu wa mwanzo kulihesabu jambo hili alikuwa William Farr, mtakwimu wa Uingereza, mwaka 1858. Alichukua takwimu za Ufaransa akawagawa watu wazima mafungu matatu: waliomo ndoani, wasiopata kuoa wala kuolewa, na waliofiwa. Akakuta kuwa waliomo ndoani wanakufa kwa uchache kuliko waseja wa umri wao, ukiwatoa wale waliooana wakiwa wachanga mno, na kwamba waliofiwa wana hali mbaya kuliko wote. Hesabu nyingi zilizofuata katika nchi nyengine zimeelekea huko huko, na sina ugomvi nazo. Lakini yatazame mafungu yenyewe. La walioachana halimo. Halimo kwa sababu Ufaransa ilikuwa imeifuta talaka mwaka 1816 na haikuirudisha mpaka 1884. Farr alikuwa akihesabu watu wa nchi ambayo mlango wa ndoa ulifunguka upande mmoja tu. Sisi tunaichukua hesabu ya namna hiyo na kuileta katika visiwa ambavyo talaka hutamkwa mezani kabla chai haijapoa, na siku hizi hata kwa ujumbe wa simu. Lugha yetu wenyewe ilishaona tofauti hii zamani: kwetu mjane si aliyefiwa peke yake, aliyeachwa naye ni mjane, na ndiyo maana aliyefiwa akiwa edani tuna jina lake mbali, kizuka.

Jengine ambalo utafiti wa kurushwa kwenye simu hauligusi ni swali la nani huoa kwanza. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili, aliyelala na mguu mwaka wa pili, wangapi hupewa binti? Mwenye afya na kazi ndiye anayekubaliwa posa yake, kisha baada ya miaka ishirini tunamhesabu tukasema: tazama, ndoa imempa afya. Sehemu ya faida hiyo alikwenda nayo mwenyewe. Mwaka 2008 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walijaribu kuingia ndani zaidi. Waliwavalisha watu wazima zaidi ya 300, waliooa na wasiooa, kipimo cha presha kinachokaa mwilini mchana na usiku. Waliokuwa na ndoa njema presha yao ilikuwa nzuri kuliko ya waseja, na kwa mseja kuwa na marafiki wengi hakukuziba pengo hilo. Hapo wanaotukuza useja wameze mate. Lakini waliokuwa katika ndoa mbaya presha yao ilikuwa juu kuliko ya waseja. Yaani kinachomnufaisha mtu si kuwamo ndoani, ni ndoa ya namna gani. Qur'ani imelisema hili kabla ya vipimo vyote, katika Surat Rum, aya ya 21: Mwenyezi Mungu ametuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Ndoa isiyo na utulivu, mapenzi wala huruma imebaki na nini cha kulinganisha na useja?

Sasa huyo mseja tunayemlinganisha naye ni nani? Katika sauti za kwenye simu ni mtu anayekaa peke yake, anapika chai yake, anazungumza na ukuta. Mtu huyo yupo London, pengine yupo Dar es Salaam, Zanzibar sijamwona. Mwanamume asiyeoa wa kwetu anakaa kwao. Chakula kinafunikwa kawa mpaka arudi, nguo zake zinafuliwa na dada au na mama mwenyewe mwenye magoti mabovu, na akiumwa kichwa nyumba nzima inajua. Kikweli huyu anayo karibu nusu ya faida za mume bila wajibu hata mmoja wa mume. Halipi mahari, haachi pesa ya matumizi asubuhi, haulizwi unga umekwisha lini. Ndiyo maana swali lake la "nipate nini" halijibiki kirahisi: anachokosa ni kitu kimoja ambacho hakitamki mbele ya wazee, na hicho nacho, tusidanganyane, wako wanaokipata kwa njia za pembeni. Mwanamke asiyeolewa naye hayuko peke yake, ila hali yake imepinduka. Yeye ndiye anayefunika hiyo kawa. Ndiye anayemuosha bibi, anayelea watoto wa kaka aliyekwenda Oman kutafuta, anayekaa na mgonjwa. Kazi yote ya mke na mama anaifanya, ila hana jina la mke. Akikaribia miaka 30 huanza kuulizwa na kila mgeni kana kwamba amepoteza kitu njiani. Useja wa huyu na useja wa kaka yake si jambo moja hata kidogo, na kuwatia katika fungu moja la hesabu ni kuchanganya dagaa na nguru kwa kuwa wote wametoka baharini.

Nimesema faida za ndoa sitazikana, basi nizitaje kama zilivyo hapa kwetu, si kama zilivyo kwenye majarida ya Marekani. Ya kwanza haitajwi sana: kwa msichana wa Kizanzibari ndoa ni ruhusa ya kutoka. Mwari anachungwa, akienda shughulini anaambatana, akichelewa Darajani anaulizwa. Mke wa mtu anajitanda buibui lake akaenda. Hata akiachika, ruhusa ile hairudi yote. Na sheria ya dini imempa cheo: aliyewahi kuolewa hawezi kuozeshwa tena kwa kunyamaza kwake, lazima aseme kwa kinywa chake. Wako wanawake, nami nawajua, walioikubali ndoa ya kwanza kama mtu anavyokata tiketi, na hawakuijutia. Ya pili ni watu. Mseja ana ndugu. Aliyeoa ana ndugu mara mbili. Mvua ikibomoa ukuta, wakwe wanakuja na saruji na mashemeji wanakuja na mikono. Kwenye visiwa ambavyo mkopo wa benki ni habari ya wenye hati na mishahara, hiyo ndiyo benki.

Ya tatu ni maradhi, na hapa nataka tusogee karibu. Ingia wodi ya wanaume Mnazi Mmoja saa ya kutazama wagonjwa. Pembeni ya karibu kila kitanda pana mwanamke aliyekaa juu ya kigoda au ukingoni mwa godoro, ana chupa ya uji na kikapu chenye kanga mbili, sahani, sabuni na kitambaa cha kumfutia mgonjwa. Mara nyingi ni mkewe. Kisha vuka uende wodi ya wanawake. Vikapu ni vile vile, uji ni ule ule, lakini anayeshika kijiko ni mama, dada, binti, jirani. Mume amekuja, amesimama miguuni mwa kitanda na funguo mkononi, ameuliza hali, ameacha pesa, ametoka. Simlaumu moja kwa moja, maana wodi ya wanawake si mahali pa mwanamume kushinda. Ninachosema ni kuwa faida ya ndoa katika maradhi ipo, inaonekana kwa macho, na inaelekea zaidi upande mmoja. Mwanamke akiumwa anatunzwa na udugu. Mwanamume anatunzwa na ndoa. Ukimwambia binti kuwa ndoa itamfaa atakapougua, mwambie na hilo.

Ya nne ni uzee na mali. Serikali ya Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, awe amewahi kuajiriwa au la. Kiwango kimekuja kuongezwa, na ni jambo la kujivunia, lakini hakuna anayeishi kwayo peke yake. Anayeishi uzeeni anaishi kwa watoto na kwa nyumba. Hapo ndoa ina neno kubwa: mke aliyefiwa ana fungu lake katika mirathi, robo kama mume hakuacha mtoto, thumuni, yaani sehemu moja kwa nane, kama ameacha. Wakiwa wake wawili wanagawana thumuni hiyo hiyo. Sasa mchukue mwanamke aliyekaa na mume miaka 28, akachota maji ya kujengea, akauza maandazi kununua mabati, kisha akaachwa mwaka mmoja kabla ya mume kufa. Eda yake imekwisha zamani. Katika mirathi hana kitu. Mke mpya wa miezi minane ndiye mwenye thumuni. Kila kilichomo humo ni sheria na sina la kuikosoa. Ninachokosoa ni sisi tunaomsifia binti ndoa kuwa ni akiba ya uzeeni bila kumwambia kuwa akiba hiyo inaweza kufutwa kwa neno moja la mtu mwengine.

Nimekiona kitanda kikirudi. Ilikuwa shamba, Kaskazini Pemba, saa ya alasiri, mimi nimekwenda kwa shughuli nyengine kabisa. Kwetu mahari mara nyingi hugeuzwa vyombo: kitanda, godoro, kabati, meza ya kujipambia. Ni mali ya mke, na akiachika huondoka navyo. Gari ndogo ya mizigo ilisimama nje ya nyumba ya wazee wake, kitanda cha mninga kimelazwa ubavu, kimefunguliwa vipande vinne. Vijana wawili walikishusha. Misumari ya parafujo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelishika, hakumpa mtu. Mama yake alitoka, akatazama mlango, akatazama kitanda, akasema, "Hakiingii, mwanangu, chumbani wanalala wadogo zako." Wakakisimamisha barazani, wakakifunika turubai. Watoto wake wawili walikaa juu ya godoro pale pale uwanjani wakila mua. Hakuna aliyelia. Niliporudi baada ya miezi kitanda bado kilikuwa barazani, kuku wametagia chini ya turubai. Tangu siku ile nikisikia mtu akilinganisha faida za ndoa na za useja huwaza: na huyu tumtie fungu gani?

Wapo watakaosema talaka zimezidi kwa sababu wanawake wamepata fedha. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi. Huanza na mwani. Kilimo cha mwani kiliposhika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani na kwengineko, wakulima wengi walikuwa wanawake, na kwa mara ya kwanza mke wa mvuvi alikuwa na pesa aliyoivuna mwenyewe. Wazee wakasema ndoa zitakwisha. Sasa ni zaidi ya miaka 30. Pesa ile imenunua sare za skuli, imeezeka mapaa, na wanawake wa Paje bado wanaolewa. Lakini si lazima twende mbali hivyo. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kushika mwani wala kuona hoteli, aliolewa mara tatu na kuachika mara mbili kabla ya Mapinduzi. Jirani yake aliolewa mara nne. Hawakuona ajabu, na hakuna aliyewaambia ni usomi. Kuachana ni desturi ya zamani visiwani hapa. Iliyo mpya ni bei yake. Bibi alipoachika alirudi kwao akakuta minazi, kisima, chumba, na mashangazi sita wa kumsaidia kulea. Wajukuu wake wanarudi kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyopangwa Ng'ambo. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata pima moja. (Na anayesema kizazi kinakwisha kwa sababu vijana hawaoi aziangalie tena namba hizo.) Fedha ya mwanamke haikuivunja ndoa. Kinachotokea ni kuwa mwenye kidogo chake akipigwa huondoka, na asiye nacho hupigwa akabaki, nasi tunamhesabu huyu wa pili kuwa ni mfano wa ndoa iliyodumu.

Hoja ya dini ni nzito zaidi na inataka adabu. Ndoa ni sunna, hilo halina mjadala, na Mtume (SAW) amewaambia vijana kwamba mwenye uwezo na aoe, na asiyeweza afunge, kwani saumu ni kinga yake. Ila hadithi hiyo hiyo ina neno "mwenye uwezo", nalo wahimizaji hulipita haraka. Maulamaa hawakuifanya ndoa kuwa na hukumu moja kwa watu wote: kwa mmoja ni wajibu, kwa mwengine ni sunna, na kwa anayejijua kuwa atamdhulumu mke ni makuruhu au haramu kabisa. Na madrasa zetu nyingi zinasomesha hadithi arubaini zilizokusanywa na Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu, aliyefariki mwaka 1277. Hakuoa maisha yake yote. Hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kumwita nusu mtu. Simtaji ili vijana wapate kisingizio, maana wengi wanaojificha nyuma ya useja hawaandiki vitabu usiku. Namtaja kwa sababu tunamtishia binti wa miaka 29 kwa dini ambayo yenyewe haikumtisha.

Upande wa vijana nao una hoja yenye nguvu na hoja ya kujidekeza. Ya kujidekeza ni hiyo ya "nipate nini", niliyokwisha kuieleza: anayepikiwa na mama yake hana mizani ya kupimia. Yenye nguvu ni gharama. Mwaka huu nimehudhuria posa kadhaa, na orodha inayosomwa baada ya mahari imerefuka: kilemba cha baba, mkaja wa mama, begi la nguo, dhahabu, kisha mambo ambayo wazee wetu hawakuyajua, ukumbi, mpambaji, gauni la kukodi, mpiga picha wa ndege ya rimoti. Kijana wa hoteli huko Nungwi, ambaye msimu wa mvua husimamishwa kazi, anaitazama karatasi ile kama anavyoitazama bili ya mgeni. Na jambo la kuumiza ni kwamba karibu vyote hivyo humalizika usiku mmoja. Kinachobaki na mwanamke ni mahari, na mahari ndiyo tunayoipunguza kwa kusema baraka imo katika wepesi wake, huku ya ukumbi haipungui. Hadithi ya wepesi tumeihamishia pale inapomgusa yeye.

Tena iko njia moja ya kuingia ndoani ambayo huzungumzwa kwa kicheko, nayo ni ndoa ya mkeka. Kijana na msichana wamekutwa pamoja, mkeka umetandikwa, shekhe ameitwa, yamekwisha. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba hata sheria ilipaswa kusukuma hivyo. Sheria ya mwaka 1985 ilimpeleka jela mwanamke asiye na mume aliyepata mimba, na ilikaa hadi mwaka 2005 ndipo ikaandikwa nyengine isiyomfunga. Muda wote huo faida kubwa ya ndoa kwa msichana aliyeteleza ilikuwa kwamba haendi gerezani. Ndoa iliyoingiwa hivyo huwezi kuitegemea ishushe presha ya mtu.

Basi tufanye nini na mlango wa kutokea? Watu wengi wanadhani jambo la ndoa kwetu liko chini ya sheria ile ya ndoa ya mwaka 1971. Ile ni ya Tanzania Bara. Kwa Waislamu wa Zanzibar ndoa, talaka, matunzo na ulezi huamuliwa na Mahakama ya Kadhi, na sheria yake ya mwaka 2017 iliipa mahakama hiyo uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo mmoja ameichangia kwa kweli. Hilo ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Ila "kwa kweli" maana yake ni ushahidi, na mwanamke wa maandazi hana risiti ya mabati. Risiti ina jina la mume kwa sababu ndiye aliyekwenda dukani. Kiwanja kina jina la mume kwa sababu ndiye aliyekwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Yeye ana kumbukumbu, na kumbukumbu mbele ya kadhi hukutana na kumbukumbu nyengine yenye sauti nene. Kadhi hana wa kumlaumu hapo. Huamua kwa kilicho mezani.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba katika elimu yote ya kabla ya ndoa, ile ya somo, mwanamke anayemfunda mwari, na ile ya shekhe, binti hufundishwa jinsi ya kumpokea mume, kumpikia, kumtuliza, na hakuna anayemfundisha kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Baqara, inahusu kuandika deni: liandikeni, liwe dogo au kubwa, wala msichoke. Mahari iliyobakizwa ni deni. Milioni mbili ya maandazi iliyoingia kwenye msingi wa nyumba ya mume ni deni au ni hisa, moja kati ya hayo, na kuliandika si kumtakia mtu talaka kama vile kununua jaketi la kuokolea hakuizamishi boti ya Pemba. Mtume (SAW) ametuambia pia kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ambayo kwayo ndoa imehalalishwa. Najua wanavyuoni wa Shafi wamebana aina za masharti yanayokubalika, na hilo tuwaachie wenyewe. Lakini karatasi inayosema kiwanja hiki ni cha nani haihitaji fatwa. Na aliyetalikiwa Qur'ani imemwekea cha kumliwaza, aya ya 241 ya sura hiyo hiyo. Wangapi wamewahi kukiona?

Kuna jambo ambalo wahimizaji wa ndoa hawalitegemei katika haya. Mwanamke anayejua kuwa akitoka hatolala barazani huingia kwa moyo mwepesi zaidi, na huvumilia yale madogo bila hofu kwa sababu anajua hakufungwa. Mwanamume anayejua kuwa talaka ina gharama huhesabu mara mbili kabla ya kuitamka. Sina takwimu za kuwatajia, nina mitaa miwili ninayoijua vizuri, na ndani yake ndoa zilizotulia zaidi si za wanawake wasio na pa kwenda.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda posa ya mtoto wa ndugu yangu, Mjini. Orodha ilisomwa, kilemba kikakubaliwa, begi likapunguzwa kwa maelewano, watu wakaanza kunyoosha miguu kungoja pilau. Ndipo mjomba wa binti, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akasema ana moja. Wanaowana wamenunua kiwanja Fuoni kwa pesa za wote wawili, binti ametoa mshahara wake wa ualimu wa miezi kumi na moja. Anaomba karatasi ya kiwanja iwe na majina mawili. Pakawa kimya. Mzee mmoja wa upande wetu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani mnatutakia mabaya?" Mjomba akajibu, "Hapana, bwana. Tungekutakieni mabaya tusingekupeni mtoto." Mshenga akaikunja karatasi ya orodha mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, akasema neno hilo atalifikisha. Bwana harusi hakuwapo, kama ada. Yuko kazini Kiwengwa. Pilau ikaletwa, tukala. Mpaka naandika haya jibu halijaja, na ukumbi umeshalipiwa nusu.